Uyoga wa Kahawia Jikoni: Tunayoambiana na Yaliyo Kweli

Hapa Tanga uyoga wa dukani bado ni mgeni wa heshima. Ukiingia nao nyumbani, kila mtu ana la kusema: usiuoshe, usiupike sana, huo mweusi umeshaoza. Nazungumzia ule wa kahawia wenye kofia ya mviringo, ambao kwenye pakiti huandikwa cremini. Nimeupika miaka kadhaa kwenye jiko langu la Makorora, na mengi niliyofundishwa juu yake nimeona hayasimami.

Tuanze na jina, maana hapo watu hupoteza fedha. Wengi huamini kwamba cremini, ule mweupe mdogo, na ule mpana kama kisahani uitwao portobello ni aina tatu mbalimbali. Ni uyoga mmoja, Agaricus bisporus. Wa kahawia ndio wa asili. Mweupe ulijitokeza wenyewe kwenye shamba moja huko Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1920, ukapendwa kwa rangi yake. Portobello ni cremini iliyoachwa ikomae mpaka kofia ikafunguka. Ukikosa mmoja, chukua mwenzake.

Linalonigusa zaidi ni hili la kuosha. Shangazi yangu alikuwa akiufuta kimoja kimoja kwa kitambaa, nusu saa nzima, na udongo ukabaki vilevile kwenye shina.

"Shangazi, uoshe tu."

"Thubutu! Utakunywa maji wote, mwanangu, tule nini?"

Siku moja tukachukua mzani wake wa kupimia unga wa maandazi. Uyoga mkavu: gramu 250. Tukauosha upesi kwenye beseni, tukaukung'uta kwenye chujio, tukapima tena: 258. Gramu nane, kama vijiko viwili vya chai, na sehemu kubwa ilikuwa ni umande wa juu ya ngozi tu. Shangazi alirudia kupima mara mbili. Uyoga wenyewe una maji zaidi ya asilimia 90 tangu unapochumwa, kwa hiyo hayo tunayoyaogopa yamo ndani tayari. La kuangalia ni moja: uoshe pale unapotaka kupika, kwani ukiuosha na kuuweka utashika utelezi.

Maji hayo ya ndani ndiyo yanayoharibu pishi, si ya bomba. Mtu hujaza kikaango mpaka juu, moto wa mkaa nao umefifia. Uyoga wote unatoa maji kwa pamoja, unachemka badala ya kukaangika, unageuka kijivu. Hapo anaongeza mafuta, nayo yananyonywa, anaongeza tena. Kisha tunaambiwa uyoga hauna ladha!

Mimi huanza bila mafuta. Nakata vipande vinene kama kidole, natandaza kwenye kikaango kipana, natia vijiko vitatu vya maji na kufunika kwa dakika nne hivi. Vinasinyaa na kutoa maji yake. Nafunua, naongeza moto, na kutoka hapo nasikiliza zaidi kuliko kutazama: mtokoto unapungua, unageuka kuwa mlio mkavu, wa haraka. Ndipo natia kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu saumu na chumvi. Vile vitundu vya hewa vilivyokuwa vinanyonya mafuta vimeshabonyea, kwa hiyo kijiko kimoja kinatosha. Kingo zinaiva rangi ya kahawa, na harufu inawafikia waliokaa barazani.

"Ukizidisha dakika tano utakuwa mgumu kama mpira." Hiyo ni kanuni ya ngisi. Kuta za uyoga zimejengwa kwa kitini (chitin), aina ya nyuzi ngumu, ambayo moto wa jikoni hauiyeyushi wala hauikazi. Unaweza kukaa nusu saa kwenye mchuzi na bado ukatafunika vizuri. Ndiyo sababu siwaelewi wanaosema nazi haipatani nao. Ukishakaangika, mimina tui jepesi lichemke taratibu, kasimile, lile tui zito, iingie mwishoni huku unakoroga lisikatike, kisha kamulia ndimu. Kula na bada, yaani ugali wa muhogo, au na wali mweupe.

Weusi wa vile vikunjo chini ya kofia ni dalili ya kukomaa. Uliooza unateleza na unanuka. Uhifadhi kwenye mfuko wa karatasi ndani ya friji, usiufungie kwenye plastiki ukatoa jasho.

Wapo pia wanaouita nyama kamili, wakawapikia watoto uyoga peke yake. Gramu 100 za uyoga mbichi zina protini kama gramu 2.5, wakati nyama ya ng'ombe ina zaidi ya 20. Utie pamoja na maharage au kunde. Jua la Tanga, kwa upande wake, linasaidia kweli: ukiukata na kuuanika mchana kabla ya kupika, unatengeneza vitamini D.

Dhana ya mwisho inaua. Masika uyoga unapochipua mashambani, utasikia kwamba wa sumu hutambulika ukichemshwa na kijiko cha fedha au kitunguu saumu, kwamba ulioliwa na konokono ni salama, au kwamba kuchemsha sana huondoa sumu. Yote si kweli. Sumu ya baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha, na ukiwa mchanga, uyoga huo unaweza kufanana na huu wa dukani. Wazee wanaochuma kwenye vichuguu wanaujua uyoga wao kwa kukulia nao, si kwa kijiko. Kutapika na kuhara huanza saa sita au zaidi baada ya kula, kisha mgonjwa huonekana kupata nafuu wakati ini linaharibika. Aliyekula uyoga wa porini akaumwa tumbo apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ameshapata nafuu, na kipande kilichobaki kipelekwe pamoja naye.