Nyumba Umenunua, Kiwanja Je?

Mama mmoja wa Maweni alifika ofisini kwetu hapa Malindi na mfuko wa nailoni. Alitoa hati ya mauziano iliyopigwa taipu, imekunjwa hadi mikunjo imeanza kuchanika, na bunda la risiti lililofungwa kwa mpira. Mwanawe alikuwa ameomba mkopo kwa dhamana ya nyumba, benki ikamrudisha. "Mwanangu, nyumba hii nilinunua mchana kweupe, na mashahidi wapo hai," akaniambia. Nikamsomea mstari wa tatu wa hati yake mwenyewe: nyumba ya vyumba sita, paa la bati, bila ardhi. Zile risiti zilikuwa za kodi ya kiwanja aliyokuwa akimlipa mwenye ardhi.

Mgeni kutoka bara akisikia "nyumba bila ardhi" hudhani ni mzaha. Sisi tumezaliwa nayo. Huku Pwani nyumba yaweza kuwa ya mtu mmoja na kiwanja kikawa cha mwingine, na nje ya mji kuna mashamba ambayo hata minazi ina mwenyewe wa tatu, anayekuja kuangua nazi zake na kwenda zake. Mahakama zetu za Pwani zinautambua utaratibu huu. Kwa hiyo hati ya mama yule haikuwa ya bandia. Ilisema kweli tupu, ila hakuna aliyemsomea.

Mzizi wake ni wa zamani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya Mwambao: anayedai ardhi ajitokeze aandikishe, na isiyodaiwa iwe ya serikali. Waliokuwa karibu na mji na mambo ya karatasi waliandikisha. Wamijikenda wengi, waliolima kwa mila za wazee wao, hawakuandikisha. Miji ilipopanuka, watu wakajenga kwa ruhusa ya mwenye shamba, wakilipa kidogo kidogo, na ruhusa ile ikarithiwa kama nyumba zenyewe.

Sasa, ukinunua nyumba ya namna hii unanunua nini? Unanunua kuta, paa na ruhusa ya kukaa. Mwenye kiwanja akiuza udongo wake, mnunuzi mpya ndiye utakayezungumza naye, na huenda asiwe na subira ya mwenye kiwanja wa zamani. Ukitaka kuvunja kuta za udongo na miti ujenge kwa matofali, mwendee kwanza.

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa: wamesikia kwamba ukikaa kwenye ardhi miaka 12 inakuwa yako. Sheria ya Kenya ya ukomo wa madai inayo miaka hiyo 12, lakini inamhusu aliyekaa waziwazi, bila kukatizwa na bila ruhusa ya mwenyewe. Wewe unayelipa kodi umekaa kwa ruhusa. Zile risiti za mama, hata zingekuwa za miaka 30, zinathibitisha kwamba kiwanja kina mwenyewe. Wala usiache kulipa kwa ujanja ukidhani ndiyo dawa. Utakuwa umempa mwenye kiwanja sababu ya kukupeleka mahakamani.

Pembezoni, kuelekea Ganda, Msabaha au Mambrui, shida ni nyingine. Huko shamba moja la familia hukatwa vipande, kila kipande kikauzwa kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mzee wa mtaa. Karatasi hiyo ni ushahidi wa makubaliano, si hatimiliki. Omba nambari ya ploti, kafanye upekuzi kwenye msajili wa ardhi, uone jina lililoandikwa na kama kuna zuio. Likiwa la marehemu, uliza mirathi imefikia wapi, kwani kaka mkubwa hawezi kuuza peke yake fungu la dada zake. Kwa ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Isipopatikana, mauzo ni batili, unabaki kudai pesa zako. Na mpeleke mpimaji akuonyeshe bikoni, zile alama za mpaka. Dalali anayekuonyesha mpaka kwa kidole, "kutoka mwembe ule mpaka mnazi ule", mwache na kidole chake.

Hata hatimiliki yenyewe ichunguze ilikotoka. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilikataa kumlinda mwenye hati ya ploti ya ufukweni kule Nyali, kwa kuwa ardhi ilikuwa eneo la umma na ilitolewa kinyume cha utaratibu tangu mwanzo. Hoja yake kwamba alinunua kwa nia njema haikumwokoa. Malindi na Watamu tunazo njia za wavuvi kwenda pwani ambazo siku hizi zinaishia kwenye ukuta. Ploti ya aina hiyo ikiuzwa bei poa, jiulize njia imekwenda wapi.

Mama wa Maweni tulimwandikia barua kwa warithi wa mwenye kiwanja, tukiwauliza kama wako tayari kumuuzia sehemu anayokaa na kuigawa kwenye hati yao. Wawili wamejibu kwamba wako tayari. Wa tatu yuko Mombasa, anasubiriwa kusaini. Mwezi huu kodi amelipa, na risiti ameitia kwenye bunda.