Nakojoa vizuri, iweje niambiwe figo zimechoka?

Mimi ni muuguzi kwenye kitengo cha kusafisha damu. Swali hilo la juu nalisikia karibu kila mgonjwa mpya anapoketi kwa mashine mara ya kwanza, na mengine hulifuata. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu kitini.

Nesi, mkojo unatoka kama kawaida. Figo zimechokaje?

Mkojo kutoka ni jambo moja, kilichomo ndani yake ni jambo jingine. Figo zilizochoka zinaweza kutoa maji tele huku uchafu umebaki kwenye damu. Wagonjwa wengi hunisimulia kwamba miezi ya mwanzo walikuwa wakiamka usiku mara tatu, mara nne, na mkojo wenyewe mweupe kama maji ya bomba. Walifurahi kuona figo zinafanya kazi. Kumbe figo zilikuwa zimepoteza uwezo wa kuukoleza mkojo.

Kila figo ni kubwa kama ngumi, na ndani mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Damu ya mwili mzima hupitishwa humo tena na tena. Kwa siku moja vichujio hivyo hukamua majimaji lita 180 hivi. Yapime kwa madumu ya kuchotea maji: ni madumu tisa ya lita 20. Wewe unakojoa lita moja na nusu, pengine mbili. Yaliyobaki yote yamerudishwa kwenye damu.

Ni kama usafi wa mkesha wa Idi. Vyombo vyote vinatolewa uani, chumba kinabaki kitupu, kisha kinarudishwa kinachohitajika na makorokoro yanaachwa nje. Chujio hutoa maji, chumvi, sukari na uchafu kwa pamoja. Chembe za damu na protini hubaki ndani kwa sababu ni kubwa. Baada ya hapo mirija myembamba huokota sukari na kuirudisha, hurudisha maji kadiri mwili unavyoyataka, na chumvi hivyo hivyo. Ukishinda juani bila kunywa, ubongo huleta homoni ya kuiambia mirija irudishe maji zaidi, ndiyo maana jioni unakojoa kidogo, rangi ya chai ya rangi.

Huo uchafu unatoka wapi?

Kwenye chakula na kwenye mwili wenyewe. Ukila maharage, samaki au nyama, protini ikishatumika ini hutengeneza urea kutokana na mabaki yake. Misuli nayo hutoa kreatinini kila siku, ufanye kazi usifanye. Urea ikijaa, mtu hupata kichefuchefu, hamu ya kula humtoka, na mwili humwasha.

Kwa nini nimekatazwa hata dafu, na dafu ni dawa?

Hili linawaumiza wengi, hasa sisi wa pwani, na naliona ni haki kulieleza vizuri. Dafu lina potasiamu nyingi. Potasiamu ni madini yanayosaidia misuli kufanya kazi, ukiwemo moyo, lakini kwenye damu hutakiwa kukaa ndani ya kiwango chembamba: kati ya 3.5 na 5 hivi kwenye karatasi ya maabara. Mwenye figo nzima akinywa dafu, ziada inatoka kwa mkojo. Asiye nazo inabaki, inapanda, na moyo unaweza kusimama bila dalili ya kukuonya. Ndizi na parachichi ni vivyo hivyo. Viazi na muhogo menya, katakata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga yale maji, ndipo upike. Potasiamu nyingi itakuwa imeondoka nayo.

Na kazi ya figo haiishii hapo. Figo hupunguza asidi ya damu, hushiriki kupanga presha, huiamsha vitamini D ili mifupa iwe imara, na hutoa homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Ndiyo sababu wagonjwa wetu huishiwa damu ingawa hawavuji popote, na tunawachoma sindano za homoni hiyo.

Mashine si inafanya yote hayo?

Hapana. Inaondoa uchafu na maji ya ziada, kwa muda wa saa nne, mara tatu kwa wiki. Hiyo ni saa 12 kati ya saa 168 za wiki nzima. Figo zako zilikuwa hazipumziki.

Kiuno kinaniuma, ni figo?

Mara nyingi ni misuli au uti wa mgongo. Figo zimekaa juu zaidi, chini ya mbavu za mwisho, na ugonjwa wake wa muda mrefu kwa kawaida hauumi kabisa. Ninachokiogopa ni vidonge vya kiuno hicho. Diklofenaki na ibuprofeni hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio. Kumeza siku mbili kwa mtu mzima wa afya si sawa na kumeza kila siku mwaka mzima, tena ukiwa na presha au kisukari, magonjwa mawili yanayoongoza kwa kuharibu figo.

Nikinywa maji mengi nitazisafisha?

Kunywa ya kutosha kukata kiu na kuufanya mkojo uwe wa manjano hafifu. Zaidi ya hapo figo zinamwaga tu. Ila kama umeshaanza kuvimba miguu, muulize daktari kiasi chako.

Nipime nini, basi?

Viwili. Mkojo, uangaliwe kama una protini. Povu zito lisiloondoka chooni ni ishara kwamba chujio limeanza kuvuja. Na damu, kipimo cha kreatinini. Usiridhike na kuambiwa "iko kawaida": hubaki kawaida hata nusu ya uwezo wa figo ikiwa imepotea, na namba ile ile inayomfaa mbeba mizigo bandarini yaweza kuwa mbaya kwa bibi mwembamba mwenye misuli kidogo. Omba ukokotolewe kiwango cha uchujaji kwa umri na jinsia yako. Kikiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15 ndipo tunapokutana mimi na wewe. Mwenye presha au kisukari apime kila mwaka, hata kama anakojoa vizuri.