Usawa wa matumizi: salamu ya Kijapani inapoingia Kiewe

Mtu anayefika mlangoni kwa jirani huko Japani, hasa mzee au mtu wa kijijini, huita "gomen kudasai". Maneno yenyewe ni ya kuomba radhi. Ukimtafsiria Mwewe neno kwa neno (Mwewe hapa ni mtu wa kabila la Waewe wa Ghana na Togo, msemaji wa Kiewe, si ndege anayenyakua vifaranga), atajiuliza umemkosea nini. Neno la mlangoni kwake ni "agoo", na aliye ndani hujibu "ame". Sisi tungesema hodi.

Huo ndio usawa wa matumizi: kutafsiri usemi kwa usemi unaofanya kazi ileile. Usemi wa kila siku hupimwa kwa kazi yake: nani anausema, saa ngapi, na anayeambiwa anatakiwa ajibu nini. Maana ya maneno yaliyouunda huja baadaye, na mara nyingi haihitajiki kabisa. Ukimwambia mtu "shikamoo" humshiki mguu.

Hilo la jibu ndilo linalowaponza wengi. Chukua kurudi nyumbani. Mjapani akiingia husema yeye kwanza "tadaima", yaani "sasa hivi", kifupi cha kusema nimerudi sasa hivi, na waliomo ndani huitikia "okaeri". Kwa Waewe anayeanza ni mwenyeji: "woezɔ", umetembea. Anayefika huitikia "yoo". Kwa hiyo mfasiri wa mazungumzo haya hawezi kwenda mstari kwa mstari. Itambidi ampe mwenyeji zamu ya kwanza, na "tadaima" yote ibaki "yoo". Wala "woezɔ" usiitumie ovyo kwa "irasshaimase", ile karibu ya muuza duka wa Tokyo, kwa kuwa mteja wa Japani hatazamiwi kuijibu, ilhali "woezɔ" inangoja jibu.

Kuna "otsukaresama", wanayoambiana wafanyakazi wa ofisini wakiagana jioni. Ndani yake mna uchovu, na kwa bahati njema Kiswahili kinaidaka vizuri: pole na kazi. Kiewe kina "ayekoo", salamu ya kumpa anayefanya kazi, lakini imeegemea pongezi zaidi kuliko huruma. Hata hivyo ningeitumia bila kusita. Tatizo huja tafsiri inapopitia Kiingereza. Huko "otsukaresama" hugeuka shukrani kwa kazi ngumu, kisha kwa Kiewe inatoka "akpe", asante. Aliyeambiwa atajibu "mesu akpe o", haijafikia kushukuriwa, na mwenzake aliyekuwa anamuaga tu atabaki ameduwaa. Tangu 2022 Kiewe kimo katika Google Translate, kiliingizwa pamoja na lugha nyingine 23, lakini programu inapopewa neno moja bila mazingira yake haijui kama ni jioni ofisini au adhuhuri shambani.

Wakati mwingine upande wa pili hauna kitu. Kabla ya kula Mjapani husema "itadakimasu", napokea kwa unyenyekevu, hata akiwa peke yake mezani. Mwewe aliyekaa kwenye chakula atakuambia wewe unayepita "va míaɖu nu", njoo tule. Zote ni za chakula, ila moja ni shukrani na nyingine ni ukaribisho. Kuzibadilisha ni kumfanya Mjapani aalike watu ambao hawapo.

Na Kiewe nacho kina chake. Anayelazimika kukupa kitu kwa mkono wa kushoto husema "mia lo", yaani huu ni wa kushoto, uniwie radhi. Ukiweka "sumimasen", samahani ya Kijapani, mahali pake, msomaji wa Kijapani atatafuta kosa asilione. Afadhali uiache "mia lo" ilivyo, uongeze maneno mawili matatu kuhusu ule mkono.