Swila mweupe ana sumu ileile

Nimelisikia tena: "Huyu mweupe si hatari sana. Si ni albino? Hata sumu yake itakuwa nyepesi." Safari hii msemaji si mgeni wa nyoka. Ni mtu anayezalisha chatu wa mofu, yaani wa rangi zisizo za kawaida, anajua heti ni nini (nyoka wa rangi ya kawaida aliyebeba jeni ya rangi hiyo bila kuionyesha), na sasa anataka kuhamia kwa Naja kaouthia, swila mwenye alama ya duara kisogoni, eti aanze na wa leusistiki, yaani mweupe karibu mwili mzima, kwa sababu "ni wapole". Basi ngoja niliandike, atakayefuata nimpe asome.

Rangi kwanza, maana hiyo ni rahisi. Ngozi ya nyoka ina seli za melanini (rangi nyeusi na kahawia), seli za njano na nyekundu, na seli zinazoakisi mwanga. Albino amekosa melanini tu. Umanjano wake umebaki, ndiyo maana kaouthia albino huonekana wa krimu au wa manjano, na macho yake ni mekundu. Leusistiki amekosa rangi ya ngozi karibu yote, lakini macho yake yana rangi. Sumu nayo hutengenezwa kwenye tezi zilizo nyuma ya jicho, kwa jeni zake zenyewe, zisizohusiana na rangi. Jeni ya melanini ikiharibika, tezi haina habari. Kinda mweupe akipasua ganda la yai tayari ana meno na sumu, sawa na ndugu zake wa kahawia waliolala naye kwenye mashine ya kutotolea.

Kuna anayenijibu kwa kisa cha Thousand Oaks, California. Septemba 2014 kaouthia mweupe alitoroka huko, akamng'ata mbwa kabla hajakamatwa, na mbwa akapona. Kwa hiyo? Nyoka wengi huweza kung'ata bila kumwaga sumu, au wakamwaga kidogo. Mbwa mmoja aliyeng'atwa mara moja hathibitishi chochote kuhusu mofu nzima, na mtu akikupimia usalama wako kwa mbwa wa jirani, mwombe aingize mkono wake yeye.

Ukishamvua mtu hoja ya rangi, hukimbilia ya pili, na hii ndiyo inayonikera hasa: "Sawa, lakini hawa wamezaliwa kizimbani vizazi na vizazi. Sumu imeshapungua." Imepunguzwa na nini? Nyoka hapotezi tezi kwa kuletewa panya waliokufa. Taasisi ya Queen Saovabha mjini Bangkok hukamua sumu ya nyoka wanaofugwa na kuitumia kutengeneza antivenomu, dawa ya kupinga sumu ya nyoka. Kama kizimba kingekuwa kinaimaliza sumu, watu wale wangekuwa wamefunga duka zamani.

Kinachobadilisha sumu kweli ni asili ya nyoka. Kaouthia wa Thailand, wa Malaysia na wa Vietnam hawana mchanganyiko mmoja. Kiasi cha sumu za neva, zile zinazolegeza kope kisha zikafika kwenye misuli ya kupumua, hutofautiana kati ya mahali na mahali. Sasa mtazame mofu wako. Babu yake alitoka wapi? Wazalishaji huchukua mweupe mmoja, wakampandisha kwa jike yeyote mzuri waliye naye, wakarudisha watoto kwa mzazi ili rangi itokee, halafu wakauza heti kila upande. Baada ya hapo huna Mthailand wala Mvietnam, una mchanganyiko. Siwezi kuapa kwamba sumu ya ukoo kama huo inalingana kabisa na ya nyoka wa porini. Huenda imehama. Ila hakuna aliyeahidi kwamba ikihama itahamia upande unaokufaa, na mimi nikilazimika kuweka dau, siweki mkono wangu.

Na hapa rangi inaingia kweli, kwa njia ambayo wapenda weupe hawaifikirii. Kwa albino bado unaweza kuona duara kisogoni likiwa limefifia. Leusistiki akitanua shingo hakuna kitu, weupe mtupu. Alama ambayo muuguzi angeelezewa kwa simu, au mwenzako angeitambua kwenye picha, haipo. Hadi miaka ya 1990 swila wengi wa Asia walikuwa bado wanarundikwa chini ya jina moja la spishi, Naja naja, kwa hiyo hata makaratasi ya ukoo wa zamani hayakusaidii sana. Naja siamensis, ambaye hutema sumu machoni, alikuwa kwenye rundo hilohilo. Antivenomu huchaguliwa kwa spishi. Ukiletwa hospitali kope zimeanguka, ulimi mzito, na ndugu yako anasema tu "alikuwa mweupe", amewaambia nini?

Halafu upole. Sijui nani aliyeanzisha hilo. Leusistiki niliowashughulikia wana tabia tofautitofauti kama swila wengine, na wale watulivu kwenye ndoano ya kushikia nyoka hubadilika mara wakinusa panya kwenye vidole. Kwa albino ninakuwa mwangalifu zaidi: jicho lisilo na melanini hupata shida na mwanga mkali, na nyoka asiyekuona vizuri hushtuka ukiwa umeshamkaribia.

Hesabu za heti nazipita haraka: ukipandisha heti kwa heti, robo ya watoto hutoka na rangi ya mofu, na kila wa kawaida aliyebaki ana uwezekano wa asilimia 66 wa kuwa heti, yaani unanunua bahati nasibu yenye meno. Albino wa koo mbili tofauti wanaweza kukupa watoto wote wa kahawia, kwa kuwa jeni zilizoharibika si zilezile. Na nyoka wengine wenye sumu, kama Bothriechis schlegelii wa njano au Trimeresurus insularis wa bluu, si kazi ya mzalishaji yeyote, wako hivyo porini, usilipie hadithi.

Bado unamtaka mweupe? Mchukue. Nami ninaye. Ila idai karatasi ya wazazi wote wawili, siyo ya yule mweupe peke yake. Kwenye kufuli la kizimba andika jina la kisayansi na asili ya ukoo, na andika "haijulikani" pale isipojulikana. Uliza antivenomu iko wapi kabla nyoka hajafika. Akijivua gamba, usilitupe: likaushe, lifungie kwenye mfuko wenye namba yake. Idadi ya magamba madogo ya ngozi, inayosaidia kutambua spishi, haifutwi na weupe, na gamba kavu linahesabika, hata likapimwa jeni, bila mtu kumgusa nyoka mwenyewe.