Umefika 45 na choo hujawahi kupima? Maswali mnayoniuliza kila siku

Nafanya kazi ya unesi kwenye chumba cha kipimo cha kamera, ile inayoingizwa kwa nyuma kuangalia utumbo, kwa hiyo mtaani nimekuwa kama ofisi ya maulizo, mtu ananivuta pembeni ananong'ona utadhani anadaiwa. Haya, leo tuongee kwa sauti kuhusu saratani ya utumbo mpana.

*Nesi, mimi siumwi popote, chooni naenda vizuri tu, nipime nini sasa?*

Hapo ndo penyewe. Hii saratani mara nyingi inaanza kama kinyama kidogo ukutani mwa utumbo, hakiumi hakiwashi, kinaweza kukaa hata miaka 10 kinakua polepole kabla hakijageuka kuwa kansa. Kikikutwa mapema daktari anakikata kwa kamera hiyohiyo na habari yake imeishia hapo. Marekani walikuwa wanaanza kupima watu wakifika 50, mwaka 2021 wakashusha mpaka 45 maana wenye umri mdogo wanaugua zaidi kuliko zamani. Yule muigizaji Chadwick Boseman aligundulika 2016, 2020 akafariki ana miaka 43, yaani hata hiyo 45 hakuifikia.

*Si ugonjwa wa wazungu huu?*

Kuna daktari anaitwa Denis Burkitt alifanya kazi Uganda miaka mingi, akaona watu wa vijijini kule hawaugui sana hii kitu, akasema ni sababu ya vyakula vyenye nyuzinyuzi. Sawa, ila wale walikuwa wanakula viazi, maharage na majani na kutwa wako shamba. Wewe ni chipsi, soseji, bia, halafu kiti cha ofisi kuanzia asubuhi. Na soseji sio mimi ninayezisema, Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani liliziweka nyama za kusindika kwenye kundi la visababishi mwaka 2015.

*Naona damu chooni lakini hiyo ni bawasiri tu, napaka dawa.*

Nani kakwambia ni bawasiri? Hili ndo linaniumiza roho kuliko yote. Kuna baba alikuja kapaka dawa ya kienyeji miezi minane, kakichupa anatembea nako mfukoni, tulivyoingiza kamera bawasiri kweli ipo, hakudanganya, ila ndani zaidi kulikuwa na uvimbe unaovuja damu na ndo uliokuwa unammaliza. Unaweza kuwa na vyote viwili jamani! Damu, choo kimebadilika ghafla na hakirudi kawaida wiki kadhaa, unakonda bila sababu, au unaambiwa damu imepungua na hawaoni inapopotelea, hapo usisubiri umri, nenda kaonane na daktari.

*Mwanaume mzima niingizwe kamera huko nyuma?*

Kwanza sio lazima uanzie huko. Kama huna dalili kipo kipimo cha choo, unachukua sampuli kidogo tu nyumbani kwako, maabara wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho, kila mwaka unarudia. Wakiikuta haimaanishi una kansa, ila kamera sasa huikwepi.

Na kamera yenyewe kazi ni siku moja kabla, sio siku ya kipimo. Unakunywa dawa ya kuharisha mpaka unatoa maji matupu, kaa karibu na choo kabisa usijidanganye unaweza kwenda dukani. Unaruhusiwa maji, chai ya rangi, dafu. Juisi ya rozela na soda nyekundu hapana, ndani zinaonekana kama damu. Kama unatumia dawa za sukari au za kuyeyusha damu sema mapema. Na uje na mtu wa kukurudisha, ukichomwa sindano ya usingizi hatukuruhusu kuendesha gari.

*Mama aligundulika na hii saratani akiwa na 48, ikamuua.*

Wewe usingoje 45. Anza ukiwa na 38, yaani toa miaka 10 kwenye umri aliogundulika. Waambie na ndugu zako wa tumbo moja.

*Mume wangu hataki hata kusikia.*

Wako wengi dada. Mmoja aliletwa na mkewe kanuna, shuka kalishika kwa mikono miwili, akachomwa sindano akalala, alivyoamka akaniuliza kwa ukali, "Sasa mnaanza saa ngapi?"