Idara ya dharura huchorwa kwa kufikiria saa tisa usiku

Wanaoniita kuchora jengo la dharura huanza na sura yake: vioo mbele, bango jekundu, mapokezi ya marumaru. Mimi huanza na saa tisa usiku. Wauguzi wawili, daktari mmoja, vitanda vimejaa, halafu bajaji inafunga breki mlangoni na kijana wa bodaboda aliyevunjika paja. Ramani ikiwafaa hao saa hiyo, mchana haitashindwa.

Majengo haya si ya zamani kwetu. Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili, ya kwanza kamili katika hospitali za umma Tanzania, ilifunguliwa mwaka 2010. Baada ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa mwaka 2021, zile shilingi trilioni 1.3, hospitali nyingi nazo zikajengewa za kwao. Kujenga tumejenga, mimi naangalia yanavyotumika.

Tuanze mlangoni. Wachoraji wengi huweka kibaraza cha kupokelea gari la wagonjwa, wakati wengi huletwa kwa bajaji, pikipiki, teksi, hata mgongoni. Kibaraza kipokee vyote hivyo, na machela na viti vya magurudumu vikae pale pale, si stoo ambayo ufunguo wake anao mtu aliyekwenda kunywa chai.

Ninapogombana na wateja ni kwenye dirisha la malipo. Ndugu akikutana nalo kabla ya kumwona muuguzi, ramani imeshaamua nani asubiri. Meza ya kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao naiweka iutazame mlango, dirisha la malipo nalisogeza upande wa kutokea. Mfumo wa rangi tatu (nyekundu, njano, kijani) wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) unataka wa nyekundu ahudumiwe mara moja. Kwa hiyo toka mlangoni hadi chumba cha mahututi nachora njia iliyonyooka, bila kona wala kizingiti cha kukwaza magurudumu.

Humo ndani, kosa la kawaida ni kitanda kusukumwa hadi ukutani. Anayeingiza mpira wa kupumulia husimama kichwani pa mgonjwa; asipopata nafasi, kitanda kitavutwa na waya zake zote. Soketi ziwe usawa wa kiuno, pande zote mbili, na baadhi ziwe na betri ya akiba, maana jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka na mashine ya kupumulia haiwezi kuzisubiri. Kama hakuna mabomba ya oksijeni, mtungi mkubwa ufungwe kwa mnyororo ukutani na kitoroli chake kiwe karibu.

Kituo cha wauguzi kikae katikati, kuta ziwe za kioo kuanzia kiunoni ili mtoto akianza degedege aonekane. Mapazia yatasitiri wengi, lakini lazima kuwe na chumba kimoja chenye mlango. Aliyebakwa haelezi yaliyomkuta nyuma ya pazia, jirani akisikia.

Hewa nayo. Chumba cha mwenye maradhi yanayosambaa kwa hewa, kama kifua kikuu, WHO inataka kipate wastani wa lita 160 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa kama kinategemea upepo. Kiyoyozi cha ukutani kinazungusha hewa ile ile. Madirisha yakitazamana, pwani upepo utafanya kazi hiyo bure.

Ndugu nao ni sehemu ya ramani. Mgonjwa mmoja huja na wanne, na wasipopewa benchi, choo na mahali pa kuitwa kupewa habari, watasimama koridoni pale pale machela yanapopita.

Kinachobaki ni chumba cha wafanyakazi: choo chao, sinki, kochi, na mlango wa pili wa kutokea kwa siku ambayo ndugu mwenye hasira ameziba wa kwanza. Bajeti ikipungua, hiki ndicho hukatwa na kuwa stoo. Siku hizi nakibana kati ya chumba cha dawa na kituo cha wauguzi, mabomba yake yakipita ukuta mmoja na masinki ya kunawia mikono, ili kukiondoa kuwe ghali kuliko kukiacha.