Elisha Cook Jr., mtu aliyekufa ili adui aogopwe

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria moja: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni na gari lake, lakini ukiona mtu amekufa dakika ya thelathini, jua huyo si stelingi. Ni rafiki yake, au jirani, au yule mropokaji aliyeijua siri. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kabla sijaanza kufundisha uigizaji. Nimekufa kwa risasi, kwa sumu, kwa ajali ya bodaboda, na mara moja kwa presha baada ya kusomewa barua. Mtayarishaji mmoja alinilipa nusu, eti nimekufa mapema. Kwa hiyo wanafunzi wakiniuliza nafasi ndogo inafanyiwa nini, siwatajii staa yeyote. Nawaonyesha mwigizaji wa Marekani, Elisha Cook Jr.

Alizaliwa San Francisco, Desemba 1903. Mfupi, mwembamba, macho makubwa kama ya mtu aliyeamshwa usingizini kwa kugongewa mlango. Alianzia jukwaani, na mwaka 1933 alikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, katika tamthilia ya Eugene O'Neill, Ah, Wilderness!, akiigiza kijana aliyelewa mashairi na mapenzi. Hollywood ilipomchukua, mashairi haikuyataka. Ilitaka yale macho. Akawa mwoga, kibaraka, mume wa kudharauliwa, mtu anayejifanya mbabe na kila mtu anaona kwamba anajifanya.

Kipande ninachokirudia darasani mpaka wanafunzi wanalalamika kimo kwenye Shane, filamu ya kauboi ya George Stevens iliyopigwa bonde la Jackson Hole, Wyoming, ikatoka 1953. Cook ni Torrey, mkulima mwenye majivuno ya watu wa Kusini mwa Marekani, ambaye wenzake wanapenda kumtania. Anaingia mjini na mwenzake, na mtaa mzima ni tope. Wilson, muuaji wa kukodiwa anayeigizwa na Jack Palance, yuko juu kwenye baraza ya mbao, miguu mikavu, anatembea taratibu sambamba naye. Torrey yuko chini. Tazama miguu ya Cook. Kila hatua inateleza, anajikamata, anaendelea, kwa sababu kugeuka nyuma mbele ya watu ni aibu. Wilson anavaa glavu. Anawatukana mashujaa wa Kusini. Torrey anaivuta bastola yake, lakini kabla haijamwelekea mtu, ya Wilson iko nje inamtazama. Hapo panapita kimya kidogo, na uso wa Cook unabadilika: amekwisha kuelewa, na hakuna la kufanya. Kisha mlio. Filamu nyingi za kauboi za siku zile, mtu akipigwa risasi alishika kifua akainama chini kwa adabu. Cook alifungwa waya uliomvuta nyuma kwa nguvu, akabwagika chali topeni kama gunia.

Sasa hesabu nani kafaidika. Shane mwenyewe hayupo hata eneo la tukio. Lakini kuanzia hapo mpaka mwisho, kila Wilson akiinua kikombe tu, ukumbi unabana pumzi. Bila lile tope, Palance ni jamaa mrefu mwenye kofia nyeusi. Woga wetu kwa adui tumeuchota kwenye mwili wa Cook, na ushujaa wa stelingi nao umekopwa hapo hapo, maana ushujaa ni nini kama anayekukabili haogopwi? Mwigizaji wa nafasi ndogo hufanya kazi kwenye nafasi za wenzake. Wanafunzi hawapendi kuisikia hiyo. Wao wanataka kuonekana.

The Big Sleep ya 1946 ina somo hilo hilo, ila la kimyakimya zaidi. Cook ni Harry Jones, mtu mdogo aliyempenda mwanamke asiye wa kiwango chake, Agnes. Muuaji aitwaye Canino anamkuta ofisini, anataka kujua Agnes amejificha wapi. Humphrey Bogart, ndiye mpelelezi, yuko chumba cha pili anasikiliza. Jones anataja anwani. Canino anamkaribisha kinywaji. Cook anacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mkubwa afurahi, anakunywa, anaanguka. Baadaye Bogart anapiga simu kwenye ile anwani na Agnes hayupo. Jones alidanganya. Yule mwoga alikufa akimlinda mtu, na sisi tulikuwa tumeshamhukumu. Rudia kipande ukiwa umeshajua: Cook hakukufanyia ishara yoyote ya kukudokeza.

Nyingine nazipitia haraka. Phantom Lady ya 1944 amekuwa mpiga ngoma wa jazi, anavuja jasho na kukenua meno mbele ya mwanamke anayemwinda, mpaka unaona haya kutazama. The Killing ya Stanley Kubrick, 1956, ni karani wa dirisha la kamari kwenye uwanja wa mbio za farasi. Mke wake, anayeigizwa na Marie Windsor, anamzidi urefu na anamcheka waziwazi. Kwa kumridhisha huyo mke anaropoka mpango wa wizi, na watu wanakwisha. Don't Bother to Knock ya 1952 ni mwendesha lifti wa hoteli, mjomba wa msichana anayeigizwa na Marilyn Monroe. Rosemary's Baby ya 1968 ni yule anayewaonyesha wapangaji nyumba. Kaonekana dakika chache, na nyumba imeshaanza kukutia wasiwasi.

Kuhusu riziki. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyozilazimisha studio kubwa kuachana na majumba yao ya sinema. Bila uhakika wa kumbi, studio zilipunguza mikataba ya waigizaji, na wa nafasi ndogo wakageukia televisheni, iliyokuwa na njaa ya sura kila wiki. Cook alipita kila mahali: Superman, Perry Mason, Gunsmoke, Batman, na Star Trek ya 1967 akiwa wakili anayependa vitabu vya karatasi kuliko kompyuta. Waigizaji waligoma 1960 wakapata malipo ya marudio kwa filamu zinazorushwa kwenye televisheni, ila za kabla ya hapo hazikuingia. Maana yake filamu zilizompa jina zilirudiwa usiku baada ya usiku, na yeye hakudai senti.

Sijui wangapi wetu tungevumilia. Yeye alihamia milimani, Sierra Nevada, anatengeneza chambo za kuvulia na kuvua samaki waitwao trauti wa dhahabu. Mwongozaji John Huston alisimulia kwamba Hollywood ikimhitaji, ujumbe ulipelekwa kwa tarishi mpaka kwenye kibanda chake. Anashuka, anaigiza filamu, anapanda tena. Uzeeni, miaka ya 1980, alirudi mara kwa mara kwenye kipindi cha televisheni cha Magnum, P.I. akiwa bosi mzee wa wahalifu, hatimaye upande wa wanaoogopwa. Bogart alikufa 1957. Cook aliondoka Mei 1995 akiwa na miaka 91, wa mwisho katika waigizaji wakuu wa The Maltese Falcon.

Na zoezi langu la mwisho wa muhula linatoka humo, filamu ya kwanza ya Huston kuongoza, 1941. Cook ni Wilmer, mbeba bastola anayeitwa "kijana" kila mara, ilhali alikuwa na miaka 37; Bogart anayemdhalilisha amemzidi miaka minne na siku moja. Kuelekea mwisho wakubwa wanakaa sebuleni kujadili nani akabidhiwe polisi, na wanamchagua yeye, huku yupo hapo hapo. Kamera inazipitia nyuso zao, kisha ya Wilmer. Macho yanajaa maji.

Basi namkalisha mwanafunzi kwenye kiti, wenzake wanazungumza kumuuza, yeye hana mstari hata mmoja. Karibu wote huanza kwa kukunja uso na kupumua kwa nguvu. Nawasimamisha. Muhula uliopita binti mmoja alikaa tu akimtazama kila aliyezungumza, kama anayengoja japo mmoja aseme hapana. Waliokuwa wanamuuza wakaanza kusahau mistari yao.